Kiangazi Kimoja cha Collins Obuya

Katika mji wa Kisumu na vijiji vyote vilivyo kandokando ya ziwa, toka Port Victoria hata Muhuru, mtu akitaja neno mchezo, wenzake hudhani papo hapo kwamba anataja kandanda. Si ajabu. Tangu Gor Mahia ilipoundwa mwaka 1968, mtoto wa ziwani huzaliwa akisikia jina la klabu hiyo kabla hajajua kuhesabu hata kumi. Lakini uko mchezo mwingine, wa gongo na mpira mdogo mgumu, ambao umebeba majina ya watu wa ziwa hili mbali kuliko kandanda ilivyowahi kuyabeba. Mchezo huo ni kriketi, na katika orodha ya wachezaji wa Kenya waliosifika duniani kati ya mwaka 1996 na 2003 msomaji atakuta Odumbe, Odoyo, Onyango, Otieno, Ongondo na Obuya. Hakuna haja ya kuuliza majina hayo yametoka upande gani wa nchi.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba majina ni ya ziwani, lakini mchezo wenyewe wachezaji hao hawakuupata ziwani. Reli ilifika ufukoni mwa Kisumu mwezi wa Desemba 1901, na pamoja nayo wakaja Wahindi wa maduka, wa karakana na wa ofisi, nao walikuwa na mchezo wao. Hata hivyo, kwa miaka mingi viwanja katika nchi hii viligawanywa kwa rangi, na mtoto wa Kiafrika aliingia uwanja wa kriketi kwa kazi ya kufyeka majani au kuokota mipira tu. Baada ya Uhuru milango ilifunguka polepole. Wengi wa vijana waliokuja kuichezea Kenya walikulia Nairobi, karibu na viwanja vya klabu za Waasia, wakatazama kupitia ua, wakajifunza kwa macho, kisha wakaitwa waingie.

Mmoja wao ni Bwana Collins Obuya. Habari zake zafaa kusimuliwa, kwa kuwa alipanda juu upesi sana, akachukuliwa Uingereza kuwa mchezaji wa kulipwa, na kazi hiyo ikamtoka mikononi baada ya kiangazi kimoja tu. Wengi hudhani kisa chake kimekomea hapo. Sivyo.

MCHEZO WENYEWE

Kwa wale ambao hawajauona mchezo huo, maneno machache yatatosha. Kila upande una watu kumi na mmoja. Upande mmoja hupiga, na wa pili hurusha mpira na kuudaka. Nyuma ya mpigaji husimamishwa vijiti vitatu. Kazi ya mrushaji ni kuviangusha, au kumlaghai mpigaji aupige mpira juu ili udakwe. Mpigaji akitolewa kwa njia yoyote ya namna hiyo, husemwa kwamba kijiti kimeanguka. Mpigaji naye hutafuta mbio, na upande wenye mbio nyingi ndio wenye ushindi. Katika mchezo wa siku moja kila upande hupewa ova 50, na ova moja ni mipira sita. Mrushaji mmoja hawezi kupewa zaidi ya ova kumi.

Warushaji ni wa aina mbili. Wako wenye kasi, ambao hukimbia kutoka mbali na kuuvurumisha mpira kwa nguvu za bega. Na wako wenye hila, ambao huja polepole na kuuzungusha mpira ili ukigusa ardhi ugeuke. Katika hao wenye hila, kazi ngumu kuliko zote ni ya yule anayezungusha kwa kifundo cha mkono. Mpira wake hutua upande wa miguu ya mpigaji, kisha hupinda kwenda nje kama samaki akwepaye wavu. Mara nyingine, kwa mkono uleule na mwendo uleule, mpira hupinda kwenda ndani, na mpigaji aliyejiandaa kwa njia ya kwanza huaibika mbele ya watu.

Kazi hiyo haina njia ya mkato. Kidole kikikosa kidogo tu, mpira huenda ovyo, na mpigaji huupeleka nje ya uwanja. Ndiyo sababu nchi nyingi zinaweza kukaa miaka na miaka bila kumpata mrushaji mmoja wa kweli wa aina hiyo. Kenya ilimpata mmoja, naye hakutoka katika shule yenye walimu wa kriketi. Alikuwa kijana aliyewahi kuuza nyanya, na hila za kifundo cha mkono alijifunza kwa kuwaigiza mabingwa aliowatazama katika televisheni.

SIKU YA NAIROBI

Mwaka 2003 mashindano ya Kombe la Dunia yalifanyika Afrika Kusini, na michezo michache ikapewa Zimbabwe na Kenya. Bwana Obuya alikuwa na umri wa miaka 21, naye alikuwa ameanza kuichezea nchi yake mwaka 2001. Nahodha alikuwa Bwana Steve Tikolo, na mwalimu alikuwa Bwana Sandeep Patil, aliyekuwa katika timu ya India iliyotwaa kombe mwaka 1983. New Zealand ilikataa kuja Nairobi kwa kuhofia usalama, na Kenya ikapewa pointi bila kurusha hata mpira mmoja. Basi walikuwako watu waliosema kwamba Wakenya wanabebwa.

Sri Lanka haikukataa. Tarehe 24 Februari 2003 ilishuka katika uwanja wa Gymkhana, Nairobi. Hao hawakuwa watu wa kuchezewa. Walikuwa mabingwa wa dunia wa mwaka 1996, na Bwana Aravinda de Silva, aliyepiga zaidi ya mbio mia katika fainali ya mwaka huo, alikuwa bado pamoja nao. Kenya ikapiga kwanza, ikapata mbio 210 kwa kupoteza vijiti tisa. Aliyepata nyingi zaidi ni Bwana Kennedy Otieno, kaka yake Collins, aliyepiga 60. Mbio 210 si nyingi. Kwa wapigaji wa namna ile zilikuwa kama mtumbwi mmoja kwa abiria wa meli.

Ndipo kijana akapewa mpira. Ova zake kumi zote alizirusha, akatoa mbio 24 tu, na vijiti vitano vikaanguka mikononi mwake, miongoni mwavyo kile cha de Silva na kile cha Bwana Mahela Jayawardene. Wapigaji waliozoea kurushiwa na mabingwa wa dunia nzima walisukuma magongo yao mahali ambapo mpira haukuwapo tena. Sri Lanka ikaisha kwa mbio 157. Kenya ikashinda kwa mbio 53, na wachezaji wakauzunguka uwanja mbio huku watu wakilia kwa furaha.

Haikuishia hapo. Kenya iliishinda Bangladesh, ikaishinda Zimbabwe, ikafika nusu fainali mjini Durban tarehe 20 Machi, ikashindwa na India kwa mbio 91. Hakuna nchi nyingine isiyo na haki ya kucheza michezo mikubwa ya siku tano iliyowahi kufika hatua hiyo. Katika mashindano hayo Bwana Obuya aliangusha vijiti 13. Yafaa ikumbukwe kwamba Bwana Shane Warne wa Australia, aliyekuwa bingwa wa dunia katika kazi ya kifundo cha mkono, alikuwa amerudishwa kwao mwanzoni kwa kosa la kumeza dawa iliyokatazwa. Nafasi ya fundi ilikuwa wazi, na macho ya watu yakamwangukia kijana wa Nairobi.

KIANGAZI CHA UINGEREZA

Uingereza ina klabu kumi na nane za majimbo ambazo wachezaji wake hulipwa mshahara kama mafundi wengine. Mmoja wao, Warwickshire, yenye uwanja wake Edgbaston katika mji wa Birmingham, ikampa Bwana Obuya mkataba wa mwaka 2003. Kwa kijana ambaye miaka michache nyuma alikuwa akiuza nyanya, hiyo ilikuwa safari ndefu kuliko ile ya kutoka Kisumu hata Mombasa kwa miguu.

Lakini mkataba si zawadi. Klabu ya namna ile ina nafasi chache kwa wageni, na mgeni huajiriwa ili alete ushindi. Hakuna amwitaye aje kujifunza. Mchezaji wa nyumbani akikosea, husemwa kwamba atakua. Mgeni akikosea, husemwa kwamba fedha zimepotea. Na kazi aliyoitiwa Bwana Obuya ilikuwa tofauti na ile iliyompa sifa. Michezo ya Kombe la Dunia ni ya siku moja, na mrushaji humaliza ova zake kumi akapumzika. Michezo mikubwa ya majimbo ni ya siku nne. Mpigaji hana haraka. Hukaa, hutazama, humsoma mrushaji kama karani asomavyo daftari, na hila iliyomshangaza asubuhi huwa ameizoea kufika jioni.

Tena liko jambo la hewa na ardhi. Mwezi wa Aprili na wa Mei viwanja vya Uingereza huwa na unyevu na baridi. Mpira hauishiki vizuri, vidole hukakamaa, na ardhi laini haiukamati mpira ukageuka kwa ukali. Warushaji wa kasi hufurahi. Fundi wa kifundo cha mkono huteseka, hata akiwa mzee wa kazi. Basi kijana aliyejifunza peke yake juani, asiye na mwalimu wa aina yake karibu, mpira ulipoacha kumtii hakuwa na mtu wa kumwambia kosa liko wapi, katika bega au katika kidole.

Hakung'aa Warwickshire. Vijiti havikuanguka kwa wingi, na kiangazi kilipokwisha, kazi yake ya kulipwa katika majimbo ya Uingereza nayo ilikuwa imekwisha. Kisha goti likamwuma hata ikabidi apasuliwe. Aliporudi uwanjani, kile kifundo cha mkono kilichowatisha Sri Lanka hakikuwa kilekile. Alicheza miaka mingi baadaye, lakini hakupata tena vijiti vitano katika mchezo mmoja wa kimataifa wa siku moja.

NYUMBANI NAKO

Mtu akirudi na jeraha hutegemea nyumbani pawe mahali pa kupona. Nyumbani nako kulikuwa na moto. Badala ya kujenga juu ya sifa za mwaka 2003, chama cha kriketi na wachezaji wake waligombana juu ya malipo. Wachezaji wakagoma, na kutoka mwishoni mwa mwaka 2004 hata mwanzo wa mwaka 2006 Kenya haikucheza karibu mchezo wowote wa kimataifa wa siku moja. Mwaka 2005 chama cha zamani kikavunjwa, na kipya kikaundwa. Miaka ile iliyopotea ndiyo ambayo watoto waliouona ushindi juu ya Sri Lanka walipaswa kufundishwa. Wavuvi wa ziwani wanaijua hasara ya namna hiyo: samaki wamekaribia ufuko, na wenye mitumbwi wamo pwani wakishindana ni nani mwenye wavu.

Matunda yake yalionekana. Mwaka 2011 Kenya ilishindwa michezo yake yote sita katika Kombe la Dunia, na mwaka 2014 ikapoteza haki ya kuhesabiwa katika michezo ya kimataifa ya siku moja.

MBIO TISINI NA NANE

Sasa yafaa kutazama alichofanya Bwana Obuya, kwa maana hapa ndipo kisa chake kinapozidi visa vya wengi waliong'aa mara moja wakazimika. Alipoona kwamba kurusha hakumletei tena riziki ya sifa, hakuuacha mchezo, wala hakukaa akihadithia siku ya Nairobi. Alishika gongo. Mtu aliyeingia timu ya taifa kwa mkono wa kurusha, ambaye zamani aliitwa kupiga wenzake wakiwa wamekwisha tolewa, alianza upya kama mwanafunzi, akajifundisha kusimama mbele ya warushaji wa kasi na kungoja.

Tarehe 13 Machi 2011, mjini Bangalore, Kenya ilikutana na Australia, mabingwa wa dunia. Australia ilipata mbio 324. Kina Brett Lee na Mitchell Johnson walirusha kwa kasi ambayo mpira hauonekani vizuri kwa macho ya mtazamaji. Bwana Obuya alisimama. Ova 50 zilipokwisha alikuwa bado amesimama, hajatolewa, ana mbio 98. Zilisalia mbili tu afikishe mia, na mipira ilikuwa imekwisha. Kenya ilipata 264 na kushindwa kwa mbio 60, lakini hakuna aliyetoka uwanjani akisema kwamba Wakenya walibebwa. Mwaka huohuo akafanywa nahodha. Aliendelea kuitumikia timu ya taifa hata mwaka 2024, alipotangaza kustaafu, akiwa na umri wa miaka 42.

MFANO WA MAREKANI

Marekani nako wanao mchezo wa gongo na mpira, uitwao besiboli, na historia yake imejaa watu wa msimu mmoja. Mmoja wao ni Moses Fleetwood Walker, mtu mweusi aliyesoma chuo cha Oberlin. Mwaka 1884 alicheza michezo 42 katika timu ya Toledo, iliyokuwa katika mojawapo ya ligi kubwa za kulipwa za wakati huo. Kazi yake ilikuwa kudaka mipira nyuma ya mpigaji, na katika siku zile wadakaji hawakuwa na glavu nene za kukinga mikono. Ndugu yake Weldy naye alichezea timu hiyo michezo michache. Moses aliumia, akaachwa kabla msimu haujaisha. Baada ya hapo wenye timu waliwafungia mlango watu weusi, na katika ligi kubwa haukufunguliwa tena mpaka Jackie Robinson alipoingia na Brooklyn tarehe 15 Aprili 1947.

Watu hawa wawili wanafanana kwa mengi: wote wana ndugu katika mchezo uleule, wote waliumia, wote walipewa msimu mmoja. Lakini tofauti yao ni kubwa. Walker alifungiwa mlango kwa rangi yake, na hata angalikuwa fundi kuliko wote asingaliingia tena. Obuya hakufungiwa na mtu. Alifika mlangoni mapema, akiwa na kipawa ambacho hakijakomaa, na nyuma yake hakukuwa na mwalimu, wala shule, wala chama kilichotulia. Dhuluma ya kwanza inaonekana, na watu waliipigania hata ikaanguka. Upungufu wa pili hauonekani, kwa kuwa hakuna adui wa kunyooshewa kidole. Ndiyo sababu unaendelea.

KWA WATU WA ZIWANI

Jambo hili linawahusu watu wa Kisumu na pwani yote ya ziwa kuliko wanavyodhani. Kila mwaka kijana mmoja hutoka katika shule ya Nyanza akiwa na mguu wa ajabu au mkono wa ajabu. Watu hushangilia, na mtu wa mbali huja na karatasi ya kutia sahihi. Wazazi hufurahi, na ni haki yao. Lakini ni wachache wanaouliza maswali ya maana: Mkataba ni wa muda gani? Akiumia goti, nani atalipa daktari? Huko aendako yuko mwalimu wa kazi yake? Akirudi, atarudi mahali gani? Mchezaji wa kulipwa ni mfanyakazi ambaye chombo chake cha kazi ni mwili wake mwenyewe, na chombo hicho hakiuzwi dukani kikivunjika.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo husomwa kama onyo kwa watoto watundu, lakini inawahusu watu wazima pia. Anayepaswa kukunja ni mkubwa, na wakati wa kukunja ni sasa, samaki angali mbichi. Kipawa kilichoachwa kijifunze chenyewe kinaweza kuangusha vijiti vitano kwa siku moja. Kudumu kiangazi kizima ni kazi nyingine, nayo inataka mikono ya wengi.

Katika vitabu vya Warwickshire jina la Collins Obuya limechukua nafasi ndogo. Mtu asomaye vitabu hivyo peke yake atasema kwamba kijana alijaribu akashindwa. Lakini anayetaka kumpima kwa haki na azisome siku mbili pamoja, ile ya Nairobi mwaka 2003 na ile ya Bangalore mwaka 2011. Siku ya kwanza alipewa na kipawa chake. Ya pili aliitafuta mwenyewe, kwa miaka minane, kwa mkono ambao hapo awali haukuwa na sifa yoyote.